Fisi kwenye makazi ya watu: wamalizwe, au tuwaache wafanye usafi?

Mkazi wa Karatu (mleta mada)
Wadau, salaam. Niko Karatu, upande wa juu tunakopakana na msitu wa Ngorongoro. Wiki hii fisi wameingia tena kwa jirani yangu. Boma lilikuwa la miiba, wakafukua chini, wakatoka na mbuzi. Asubuhi tumekuta kwato na utumbo, mifupa imekwenda yote. Halafu kwenye kikao cha kijiji akasimama kijana mmoja mtaalamu akatuambia tusiwaguse kwa sababu fisi "wanalinda afya zetu". Wazee walicheka mpaka mmoja ikabidi atoke nje.

Nauliza kwa nia njema. Hili la kwamba wanyama wala nyama wanatukinga na magonjwa lina ukweli, au ni maneno ya semina? Na kama lina ukweli, ndiyo tuwaache watafune mbuzi? Hoja kwa hoja, matusi bakini nayo.

Daktari wa Ng'ombe
Kijana hakudanganya, alikosea tu mahali pa kusemea. Mekelle, kaskazini mwa Ethiopia, fisi wanaingia mjini kila usiku kwenye majalala. Watafiti wakakadiria, utafiti ulitoka 2021: tani 207 za mizoga kwa mwaka zinaishia tumboni mwao. Kwa hesabu yao hiyo inazuia maambukizi 5 hivi ya kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kwa watu, na 140 kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Harar nako, mji mwingine wa Ethiopia, wa zamani wenye ukuta, waliacha matundu ukutani fisi wapite. Hao si wajinga.

Chuma cha Reli
Watu watano! Mji mzima, mwaka mzima, watu WATANO. Mimi nikiliwa mbuzi usiku mmoja ada ya mtoto imekwenda. Na mbona hujasema hizo tani 207 ni sehemu gani ya mizoga yote ya huo mji? Niliwahi kuuona huo utafiti, ilikuwa kama asilimia 4. Iliyobaki imeliwa na nani, malaika?

Daktari wa Ng'ombe
Asilimia 4.2. Sijaificha, hujauliza. Na wewe mbona ile 140 ya mifugo umeiruka? Mfugaji ni wewe.

Mzaramo wa Kisarawe
Samahani kidogo mleta mada, hao fisi wa Karatu ni wa porini au wana wenyewe? Maana kwa watani zangu Wasukuma fisi hafukuzwi ovyo, ni usafiri wa usiku wa mtu. Ukimpiga jiwe, asubuhi bibi wa jirani anachechemea 😂😂

Chuma cha Reli
😂😂😂 Bila leseni wala bima.

Bi Mkubwa wa Igoma
Mzaramo umeanza. Haya, ngoja wenyewe waje.

Ng'wana Nyanza
Nimekuja. Mzaramo, utani nauelewa, nimekulia ndani yake. Lakini huo wa bibi na fisi uuache. Shangazi wa mama yangu alikatwa mapanga kwa ajili ya utani wa namna hiyo. Kosa lake macho mekundu. Na macho yalikuwa mekundu kwa sababu amepika miaka yote kwa kinyesi cha ng'ombe, kuni hakuna, moshi umejaa nyumba nzima. Fisi akionekana karibu na boma, watu wanatafuta bibi wa kumbebesha. Mnataka mada ya fisi na afya ya binadamu? Hiyo hapo.

Mzaramo wa Kisarawe
Pole kwa msiba wa shangazi, kwa hilo sina la kusema. Ila mtani, hapo wenye kosa ni watu wenu wenye mapanga, mimi wa Kisarawe sijashika panga. Tusiongee sasa?

Ng'wana Nyanza
Ongea ya kwenu. Nyie Pwani si ndio mlikuwa mnaliwa na simba kama kuku? Fisi wetu anaiba mbuzi, simba wenu alikuwa anaingia ndani anachagua mtu. Na sababu inajulikana: nguruwe pori wamewajaa mashambani kwa kuwa hamuwali, simba wakafuata nguruwe wakawakuta nyie. Mngekula kitimoto kidogo mngekuwa salama.

Mzaramo wa Kisarawe
Sasa hapo umeingiza dini.

Chuma cha Reli
Uzi umeshatekwa. Naleta karanga.

Mzee wa Utete
Vijana, mimi ni wa Rufiji, nimesoma kimya mpaka hapa. Huyu wa Nyanza ameongea jambo lenye ukweli kwa mdomo mbaya.

Ni kweli wataalamu walihesabu, kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchi hii, na wengi ni wa kusini na Pwani: Lindi, Mtwara, Rufiji. Ni kweli nguruwe pori wamo ndani ya hadithi hiyo. Lakini hajawahi kulala kwenye dungu. Mpunga na mahindi yakikomaa unahama nyumbani. Unajenga kibanda cha miti juu ya nguzo shambani, unapanda na mke na mtoto, mna debe la kugonga na kijinga cha moto. Nguruwe akiguguna unagonga debe. Kuta hakuna, ni makuti mawili matatu. Simba aliyemfuata nguruwe akikuta nguruwe amekimbia, juu pale kuna nini? Miezi ya kuvuna ndiyo waliyokuwa wakituua zaidi.

Yule waliyempa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 huku kwetu mpaka askari wa wanyamapori wakampiga risasi Aprili 2004. Alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Wapo waliosema ndiyo sababu alitupenda sisi, nyama laini. Mimi sijui meno ya simba, najua watu niliowazika.

Na nguruwe hatumli wala hatutamla, bwana mdogo. Kabla ya hapo tulikuwa hatumli vilevile na simba walikuwa na swala wao. Swala walipokwisha ndipo nguruwe akawa chakula, kisha sisi. Waliomaliza swala wengine walikuwa wanakula kitimoto.

Ng'wana Nyanza
Mzee shikamoo. Mimi sikukulenga wewe, nilimlenga Mzaramo.

Mzee wa Utete
Marahaba. Mshale haujui kulenga ukishatoka.

Daktari wa Ng'ombe
Mzee ametupa kitu kizuri tusikipite. Ukimaliza simba na chui, nguruwe na nyani nani anawapunguza? Ghana hilo limetokea. Mbuga zao simba na chui walipokwisha, nyani walifumuka. Wakaanza kushusha makundi mashambani mchana, watoto wanatolewa shule kulinda mazao, na minyoo ya tumbo ya nyani ikaonekana kwa watu wa vijiji vya jirani. Ndiyo maana ya "kulinda afya". Si kwamba fisi anakupa dawa. Ukimtoa aliye juu, wa chini anakuja kula sahani yako na kukuachia minyoo.

Na dungu hilohilo: mtu anayelala wazi shambani usiku msimu mzima kwa sababu ya nguruwe, mbu wanamfanya nini?

Chuma cha Reli
Kwa hiyo simba amle nguruwe ili mzee asipate malaria, na asipomkuta nguruwe amle mzee. Mpango mzuri sana huo daktari 👏

Mzaramo wa Kisarawe
Tuache falsafa. Mleta mada, dawa ya fisi ipo: mzoga, unga kidogo wa ile dawa ya kuua wadudu, usiku mmoja. Kesho hakuna fisi wala mjadala.

Daktari wa Ng'ombe
HAPANA. Moderata naomba mliangalie hilo bandiko.

Mkuu, sumu kwenye mzoga haichagui. 2018 pembeni ya Ruaha simba waliwekewa sumu, wakafa simba sita, na tumbusi zaidi ya sabini juu yao. Mwaka huohuo Uganda, hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 pamoja na watoto. Kenya dawa moja ya unga ya mashambani ilitumika hivyo mpaka mtengenezaji akaiondoa madukani. Mbwa wako anakufa, kuku wako anakufa, na mtoto aliyeokota ule mfuko je?

Na tumbusi usimdharau. India miaka ya 1990 ng'ombe walikuwa wanapewa diklofenaki, dawa ya maumivu hiihii tunayomeza. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi akimla figo zinakufa. Ikapukutisha zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wao. Mizoga ikabaki nje, mbwa wa mitaani wakanenepa na kuzaana, kichaa cha mbwa kikafuata. Serikali ikapiga marufuku kwa mifugo 2006, tumbusi walishakwisha. Kuna wachumi wawili 2024 wamekadiria vifo vya ziada nusu milioni ndani ya miaka mitano tu, 2000 hadi 2005. NUSU MILIONI. Chuma cha Reli uliyecheka watano, cheka na hiyo.

Chuma cha Reli
Tumbusi ni ndege, anakula kilichokufa. Mada ni wanyama wakali. Unatuhamisha kwa sababu kwa fisi umeshindwa.

Daktari wa Ng'ombe
Haya, chui. Mumbai, India, kuna hifadhi katikati ya jiji, ina chui kama 40. Usiku wanatoka kula mbwa wa mitaani. Makadirio ni mbwa 1,500 kwa mwaka. Hao ni mbwa 1,500 ambao hawakumng'ata mtu. Kwetu inakadiriwa watu 1,500 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi watoto. Ukishaanza kuogopa maji hakuna daktari wa kukurudisha.

Bi Mkubwa wa Igoma
Na chui hajawahi kumla mtu hapo Mumbai?

Daktari wa Ng'ombe
Amewahi. Sijasema hapana.

Chuma cha Reli
Na fisi hawaugui kichaa? Mdogo wangu aling'atwa na fisi njiani alfajiri akienda kituo cha daladala. Zahanati ya kwanza chanjo hakuna. Ya pili ipo kwa hela, na hela yenyewe tukauza debe za mahindi. Fisi wako huyo mtakatifu.

Daktari wa Ng'ombe
Pole sana kwa mdogo wako, na mlifanya vizuri kuhangaika na chanjo, maana fisi anaweza kuwa nacho. Lakini kwa nchi hii anayekisambaza ni mbwa. Hata ule ugonjwa ulioua simba kama theluthi nzima Serengeti mwaka 1994, simba elfu moja hivi, haukuwa kichaa lakini nao ni virusi vya mbwa. Tunaowaletea hatari ni sisi, na mbwa wetu wasiochanjwa.

Chuma cha Reli
Umeona? Mdogo wangu kang'atwa na fisi, wa kulaumiwa nimekuwa mimi na mbwa wangu. Hawa wasomi 😤

Kamau wa Kitengela
Jirani zenu wa Kenya tumefika. Hayo ya simba na mifugo sisi tuliyamaliza na taa. Kijana wa Kimasai wa hapa Kitengela, Richard Turere, akiwa bado mtoto alifunga taa za kuwakawaka kuzunguka boma, betri ya gari na sola, simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Akaitwa hadi Marekani kuhutubia. Nyinyi bado mnabishana kama fisi ni wa bibi.

Ng'wana Nyanza
Wewe naye umetoka wapi? Fisi wa Juja wameng'ata watu nje ya Nairobi hapo, taa zilikuwa zimeisha chaji?

Kamau wa Kitengela
Boss, angalau kwetu ukiuawa na mnyama sheria ya 2013 inasema milioni 5 za Kenya. Kwenu ni ngapi?

Mkazi wa Karatu
Kanuni zetu za 2011 ziliandika milioni 1 ya Kitanzania. Inaitwa kifuta machozi, kwa hiyo hata serikali haijasema ni fidia. Nasikia wameongeza. Ya mifugo ni kifuta jasho, na huo hautoshi kukausha hata shingo.

Kamau wa Kitengela
Sasa hapo unaona.

Mkazi wa Karatu
Na zenu zinalipwa?

Kamau wa Kitengela
Baba mdogo wangu faili lake lina miaka. Lakini ni milioni 5 kwa karatasi bana, hata kusubiri kunapendeza.

Bi Mkubwa wa Igoma
Mniruhusu, mimi ni mwalimu wa sayansi Mwanza na mmesahau kuwa wala nyama wengine wako majini. Ziwa Malawi, pale Cape Maclear, kulikuwa na samaki wanaotafuna konokono wanaobeba kichocho. Wakavuliwa kupita kiasi, konokono wakaongezeka, kichocho kikapanda mpaka watalii wakaondoka nacho. Senegal walijenga bwawa la Diama mwaka 1986, likawazuia kamba wa mtoni kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvi. Kamba hao ndio waliokuwa wanakula konokono. Mji wa Richard-Toll kichocho kikalipuka. Baadaye watafiti walirudisha kamba kwenye kijiji kimoja na maambukizi yakashuka.

Lakini sasa angalieni kwetu. Sangara naye ni mla nyama, tena mkali. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 60, akawafagia furu, samaki wadogo wa asili, aina kama 200, na miongoni mwa furu walikuwemo wala konokono. Kwa hiyo daktari, mla nyama peke yake si dawa wala si sumu. Inategemea anamla nani, na kama yuko mahali alipozoeleka au ameletwa juzi. Fisi wa Mekelle anakula jalala. Fisi wa Karatu anakula mbuzi mzima. Usichukue hesabu ya jalala ukaipeleka kwenye boma. Huko Mwanza sangara minofu inapanda ndege, sisi tumebaki na mapanki, mifupa iliyokwishatolewa minofu, na kichocho.

Mzaramo wa Kisarawe
Mapanki ni matamu dada, usiyatukane. Ukikaanga na nyanya na pilipili…

Ng'wana Nyanza
Mapanki ya siku hizi hata nyama hayana. Wamenunua mashine za kukwangua mpaka mfupa unang'aa.

Chuma cha Reli
Hii mada ilikuwa ya fisi.

Kamau wa Kitengela
Kisumu tunaita mgongo wazi. Na bei imepanda!

Mzaramo wa Kisarawe
Mgongo wazi 😂😂😂 hilo jina nalichukua.

Daktari wa Ng'ombe
Bi Mkubwa, nitakujibu la jalala na boma. Ila fisi si mwokota taka tu kama watu wanavyodhani. Mtafiti Hans Kruuk alikesha nao Ngorongoro miaka ya 1960, akaona wanawinda wenyewe nyumbu na pundamilia, na mara nyingi simba ndiye aliyekuja kupora. Ukimwona simba juu ya mzoga asubuhi na fisi wamezunguka, usidhani…

Bi Mkubwa wa Igoma
Daktari, hapo umenisaidia mimi. Kama ni mwindaji, basi mbuzi wa jirani wa mleta mada si ajali. Ulisema utajibu la jalala na boma, bado nasubiri.

Daktari wa Ng'ombe
Natoka kwenye zamu, nikirudi.

Mzee wa Utete
Kabla hajaondoka aseme jambo moja lenye faida kwa watu. Ng'ombe akifa ghafla tufanye nini, fisi awepo asiwepo?

Daktari wa Ng'ombe
Asante mzee. Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na nyuma, USIMPASUE. Usichune, usigawe nyama, hata kama ni wa thamani gani. Kimeta kikikutana na hewa kinajivika gamba na kukaa ardhini miaka mingi. Funika asifikiwe na mbwa wala fisi, mwite mtu wa mifugo, achomwe au azikwe shimo refu. Chanjo ya kimeta ipo.

Chuma cha Reli
"Asifikiwe na fisi." Mnaona? Ameandika mwenyewe. Juu kule fisi alikuwa anatuondolea kimeta, huku chini tumfiche mzoga. Nimemaliza.

Daktari wa Ng'ombe
Hujamaliza, umechomoa sentensi. Fisi wa Serengeti wengi wana kingamwili za kimeta, wanakula na hawafi. Lakini akipasua mzoga damu inamwagika. Yote mawili ni kweli. Ungependa nikuongopee kipi?

Chuma cha Reli
Ningependa unilipe mbuzi.

Mkazi wa Karatu
Nimewasoma wote, hata wa mapanki. Nilivyoelewa, mji wa Mekelle unapata usafi bure, watalii wanapata picha, Mumbai wanapunguziwa mbwa, mimi na jirani tunatoa mbuzi. Kama fisi ni wa afya ya wote, basi na mbuzi awe wa wote. Jumamosi kijana wa semina anarudi. Nitamwambia alete roli za waya na nguzo za miti ile inayochipua ukiichomeka, kama walivyofanya wafugaji wa Simanjiro kwa simba, uzio unaota wenyewe. Waya uende chini futi mbili, maana hawa wanafukua. Akileta hivyo, fisi nitamlinda mimi mwenyewe. Akija na vipeperushi tena, sitawazuia vijana.

Kamau wa Kitengela
Na taa je?

Mkazi wa Karatu
Fisi wa hapa wameshazoea taa za lodge, wanakuja kula zikiwa zinawaka.

Ng'wana Nyanza
Roli moja ya waya mzito inazunguka boma lote?

Mkazi wa Karatu
Haizunguki hata nusu. Kwa boma la jirani zinataka roli nne, na Arusha mjini nimeulizia, bei yake unanunua mbuzi wawili na chenji.

Chuma cha Reli
Arusha wamekupiga. Huku Singida ni nafuu, ila usichukue ile nyembamba ya mabanda ya kuku, fisi anaikata kwa meno. Nitumie ujumbe nikupe duka.